Tope la Bi Ngiri

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa ngoma tatu na shimo moja la tope. Aliyejipaka akajulikana, asiyejipaka akajificha.

Mbaruku, umeitikia kama mtu aliyekabwa na kiazi. Nimekusamehe. Sogeeni karibu na moto, mkae wima. Bibi yangu alinisimulia hadithi hii akiwa amekaa wima, nami siisimulii kwa watu wanaoegemeana.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na baraza lao na hakimu wao, kulikuwa na bonde lililoitwa Kirumbi. Wanyama wa Kirumbi walikuwa kambi mbili. Wengine walikuwa wa Nyati, wengine walikuwa wa Kiboko. Waligombania kiti cha utawala, na mwaka huo Nyati ndiye aliyekikalia.

Sasa sikilizeni desturi ya Kirumbi, maana najivunia hata kuitaja. Kando ya baraza palikuwa na shimo la tope. Mshitakiwa aligaagaa humo mpaka yakabaki macho tu. Hakusema neno. Pimbi, mpiga mbiu wa baraza, ndiye aliyemsemea. Alitaja kosa, hakutaja jina. Akamaliza kwa maneno haya: "Huyu ni wa tope. Hana pembe, hana mistari, hana kambi." Hakimu akitoa hukumu, hukumu haigeuki. Kisha mshitakiwa alioshwa mtoni, na hapo ndipo watu walipomjua. Na kama mshitakiwa yuko mbali, wa nyumbani kwake aliruhusiwa kumsimamia topeni.

Wako wapi wenye desturi kama hiyo leo? Nyamazeni, nimejiuliza mwenyewe.

Basi Nyati alipokalia kiti, alitandikiwa nyasi laini barazani. Watu wake wakasema tope linachafua nyasi. Hakuna aliyeifuta desturi. Waliiacha tu, kama mtu anavyoacha jembe uani, na shimo likaota majani pembeni.

Haukupita muda, Kongoni akaivunja ngoma ya mkutano ya kambi ya Kiboko. Kongoni alikuwa wa Nyati. Hakimu wa Kirumbi alikuwa Kakakuona, mzee mwenye magamba ya kung'aa. Akamtazama Kongoni pembe zake, akasema: siku tatu, achote maji. Kasuku, aliyekuwa akiwafafanulia watu hukumu, akaruka mtini na kueleza kwamba zile zilikuwa hasira za ujana.

Kiboko akachonga ngoma nyingine. Nyumbu akaivunja. Nyumbu naye alikuwa wa Nyati. Kakakuona akamtazama, akasema: siku tatu, achote maji. Kasuku akaeleza kwamba Nyumbu alikuwa na majonzi, alifiwa na shangazi.

Mara ya tatu ikavunjwa ngoma ya Nyati. Aliyeivunja alikuwa Ngiri, wa kambi ya Kiboko. Kakakuona akamtazama, akasema: siku tisini, akachimbe mtaro nyuma ya mlima. Kasuku akaeleza tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Alisema ngoma ya Nyati si ngoma, ni moyo wa bonde zima, na mwenye kuupasua moyo wa bonde ni adui wa kila mtoto anayenyonya.

Upande wa pili Hondohondo, aliyekuwa mfafanuzi wa kambi ya Kiboko, akapiga kelele juu ya mti wake. Akasema Ngiri ni shujaa, hakustahili hata siku moja. Na Kongoni? Kongoni alistahili kutupwa korongoni. Ukimsikiliza huyu, ukamsikiliza yule, hukusikia hata mara moja mtu akizungumzia ngoma.

Ngiri akapelekwa nyuma ya mlima. Nyumbani akabaki mkewe, Bi Ngiri, na watoto wanne wadogo wa kulingana. Mvua zilikuwa zinakuja baada ya mwezi mmoja. Shimo lao la kulala lilikuwa limebomoka mdomo, na mwenye pembe za kulichimba upya alikuwa Ngiri peke yake, maana Bi Ngiri alivunjika pembe zote mbili siku alipopambana na Chui akiwatetea watoto hao hao. Mvua ikiwakuta hivyo, maji yangeingia shimoni na watoto wangekufa maji. Siku tisini zilikuwa ndefu kuliko uhai wao.

Bi Ngiri hakulia. Alingoja siku kumi, akanyanyua kichwa, akaenda kwa Hondohondo. Hondohondo akamkaribisha vizuri, akamwambia wameshamtungia Ngiri wimbo, na kadiri atakavyokaa nyuma ya mlima ndivyo wimbo utakavyonoga.

"Wimbo huo unaweza kuchimba shimo?" akauliza Bi Ngiri.

Hondohondo akasema wimbo si wa kuchimba. Bi Ngiri akashukuru, akaondoka.

Akaenda kwa Kasuku. Kasuku akamwambia jambo lake ni dogo sana. Asimame barazani, aseme ameihama kambi ya Kiboko, na kesho yake siku tisini zitakuwa tisa, na yeye Kasuku atapata maneno ya kueleza.

"Kwa hiyo mume wangu hakufungwa kwa ajili ya ngoma," akasema Bi Ngiri.

Kasuku akajikuna chini ya bawa. Bi Ngiri akashukuru, akaondoka.

Akaenda kwa Kakakuona. Akamwambia: "Bwana Hakimu, sikuja kuomba msamaha. Mume wangu aliivunja ngoma, nilimwona. Nimekuja kuomba kipimo kile kile walichopimiwa wenzake."

Kakakuona hakuwa mwovu, jamani. Alikuwa mzee aliyependa kulala bila kelele mlangoni. Akamwambia kwa upole: "Mwanangu, kila kesi ina uso wake."

"Uso huo ndio wazee wetu walioufunika kwa tope," akasema Bi Ngiri. Akashukuru, akaondoka. Lakini safari hii hakwenda nyumbani.

Alikwenda kwa Pimbi, akamuuliza kama ile desturi ilifutwa. Pimbi akakuna kichwa, akasema haikufutwa, na hata yule wa kumsimamia aliye mbali bado anaruhusiwa. Koo lake la mbiu lilikuwa likimwasha kwa kukaa bure. Wakang'oa majani yaliyozunguka shimo la zamani, wakalimwagia maji, wakalikoroga siku nzima. Kisha Bi Ngiri akawapeleka watoto kwa dada yake, akalala usingizi mzuri.

Asubuhi baraza lilijaa. Watu wa Nyati huku, watu wa Kiboko kule. Mara akaingia kiumbe wa tope kutoka kichwani mpaka kwatoni. Alitembea kichwa juu, akidondosha tope juu ya nyasi laini za Nyati. Hakuna aliyemtambua, kwa kuwa ngiri asiye na pembe hawakuwahi kumfikiria. Wengine walidhani ni ndama wa Nyati. Wengine walidhani ni mtoto wa Kiboko.

Pimbi akapanda juu ya jiwe. "Imevunjwa ngoma. Aliyeivunja hayupo hapa, amesimamiwa na wa nyumbani kwake. Huyu ni wa tope. Hana pembe, hana mistari, hana kambi."

Kakakuona akamtazama yule wa tope. Hakuona kitu. Akamtazama Kasuku, na Kasuku alikuwa ameinama akichungulia mkia, lakini mkia nao ulikuwa tope tupu.

"Ni ngoma ya nani?" akauliza Kakakuona.

"Tope halisemi," akajibu Pimbi. "Tuna ngoma iliyovunjika, basi."

Mzee wa watu akatoka jasho chini ya magamba. Akisema siku tisini, na huyu akawa ndama wa Nyati, je? Akisema tatu, na huyu akawa wa Kiboko, je? Alitafuta uso wa kushika, akaukosa. Kwa kuwa hakuwa na jingine la kufikiri, ndugu zangu, ikambidi aifikirie ngoma.

Akauliza kama kuna mtu aliyeumizwa. Pimbi akasema hakuna. Akauliza ngoma hutengenezwa kwa siku ngapi. Fundi Kigogota, mtoboa miti, akasema siku tatu kuchonga mzinga, siku tatu kuwamba ngozi, siku tatu kuikausha.

"Basi siku tisa," akasema Kakakuona, na sauti yake ikawa ile ya zamani, ya alipokuwa kijana. "Aliyevunja ngoma atatengeneza ngoma kwa mikono yake, na itapigwa mbele yetu tuisikie."

Kisha Kasuku akasema kwamba hii ndiyo hukumu. Hondohondo akasema kwamba hii ndiyo hukumu. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba wa tope ni wa upande wake. Na wewe Sikudhani hapo nyuma, usicheke, ngoja kwanza.

Yule wa tope akashuka mtoni, akajiosha mbele yao wote. Likatoka tope la kichwa, likatoka tope la mgongo, likatoka tope la miguu. Akasimama Bi Ngiri.

"Nimemsimamia mume wangu," akasema.

Kasuku akaanza kueleza kwamba hukumu ile ilihusu ngoma za kawaida. Pimbi akamkatiza, akasema hukumu ya tope haigeuki, na kama Kasuku anataka igeuke, shimo liko wazi, aingie. Kasuku akatazama manyoya yake mazuri, akarudi mtini kwake. Hata Nyati mwenyewe akaikubali, maana hukumu ameisikia na hana pa kuishika.

Kakakuona ikampata aibu. Akajikunja mpaka akawa duara, magamba nje, uso ndani. Kutoka humo ndani wakamsikia akisema kwamba kosa ni lake, na Kongoni na Nyumbu nao waitwe, kila mmoja atengeneze ngoma aliyoivunja.

Ngiri akarudishwa jioni ile ile, akiwa amechimba mtaro siku kumi na tatu. Hondohondo akamlaki kwa wimbo. Akamwambia asiguse ngoma ya Nyati, shujaa hamtengenezei adui.

Ngiri alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Akasema, "Niliivunja mimi. Na ilikuwa na sauti nzuri."

Asubuhi alichonga ngoma mdomoni mwa nyumba yake, mchana alichimba shimo. Siku tisa. Shimo likawa refu, mdomo wake ukainuliwa juu ili maji yapite kando. Mvua ilipokuja, ilikuja kwa fujo, na watoto wanne walilala pakavu, mgongo kwa mgongo. Ngoma tatu mpya zikapigwa siku moja, mbili za Kiboko na moja ya Nyati, na aliyekuwa mbali hakuweza kusema ipi ni ya kambi ipi.

Tangu siku hiyo ngiri hujipaka tope. Wasiojua husema ni uchafu. Ni vazi lake la barazani. Na akikimbia husimamisha mkia wima kabisa, na watoto nyuma yake mikia wima, kwa sababu bibi yao aliomba kipimo akapewa, na hakuihama nyumba yake ili akipate. Kakakuona naye, akiona watu wengi, hujikunja mpaka leo.

Fundisho ni hili: anayehukumu aangalie kilichovunjwa, asiangalie aliyevunja ni wa nani. Na wewe unayefafanua hukumu za wenzako, jiulize ungesemaje kama usingejua mwenye kosa ni nani. Mimi nimewahi kukaa kwenye baraza letu hapa miaka saba, na naisema hadithi hii kichwa juu, ingawa siku mbili tatu ningehitaji tope.

Hadithi yangu nimeiosha mtoni, imetakata, aitakaye aichukue. Asiyeitaka aniachie nafasi yake karibu na moto, maana Mbaruku ameziba joto lote.