Nani Amlaze Bwanaheri?

Hapo zamani, zamani isiyo mbali, walioyaona wangali hai, palikuwa na mwokaji mikate jina lake Bwanaheri. Mikate yake ya mofa ilisifiwa mtaa mzima, na moyo wake ulielekea wanaume wenziwe.

Alizaliwa mji wa bandari. Huko watu walijua, na hawakusema. Walinunua mikate, wakamwalika arusini, wakanyamaza. Ukaja mwaka wa uchaguzi, wagombea wakalitia jambo hilo midomoni mwa watu, na lililokuwa kimya likapata sauti. Kaka yake Mwinyihaji, aliyemlea tangu wazazi walipofariki, akamwita. Akamwambia aondoke, maana watu wametishia kuichoma nyumba na watoto wamo ndani. Bwanaheri akafunga mzigo, akaenda.

Akafika mji wa reli. Huko watu hawakujua, na walisema. Walimchungulia dirishani, wakawapima wageni wake kwa macho. Vijana wa mtaa wakamwendea mwenye nyumba, mjane aliyeitwa Mama Mbula, wakamtaka amtoe. Akasimama mlangoni, akaapa kwa Mungu wake kwamba mpangaji wake ana mchumba kwao. Wakarudi na mawe, akaapa tena. Waliporudi na petroli, alikitoa kitanda cha Bwanaheri nje kwa mikono yake mwenyewe, huku analia.

Akafika mji mkuu. Huko hakuna aliyejua, wala aliyesema, wala aliyejali. Akakaa na Ngumbao, fundi wa magari, wakapendana, wakala chungu kimoja. Hata siku moja sokoni, mtu wa mji wa reli akamtambua, akampigia kelele. Umati ukawazunguka. Wakamuuliza Ngumbao, aliyekuwa kando yake ameshika kikapu, "Huyu unamjua?"

Ngumbao akasema, "Simjui."

Bwanaheri alimsikia. Ngumbao akarudi nyuma, wao wakampiga. Walipotawanyika, Ngumbao alimbeba mgongoni mpaka hospitali, akamuuguza hadi alipokata roho. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Anilaze kaburini aliye wangu."

Ngumbao akawapelekea habari Mwinyihaji na Mama Mbula, nao wakaja. Majirani hawakuja. Aliyemsalia alisali upesi, akaenda zake. Mbele ya jeneza walibaki watu watatu.

Mwinyihaji akasema, "Huyu ni damu yangu. Nilimfukuza ili aishi. Angebaki, tungemzika zamani, na wanangu pamoja naye."

Mama Mbula akasema, "Mimi ni mwanamke, wala si wa dini yenu. Lakini wanaume wenu wako wapi? Nilimdanganya Mungu kwa ajili yake, na hakuwa ndugu yangu. Wewe ndugu hukusimama mlangoni hata mara moja."

Ngumbao akasema, "Nilimkana, sikatai. Lakini mikono iliyomwosha ni hii. Katika miji yote mitatu, ni mimi tu niliyemwita wangu."

"Ulimwita wapi?" akauliza Mwinyihaji, kisha akajijibu, "Chumbani."



Mchimba kaburi akawataka waharakishe, kwani mvua ilikuwa imeanza na kingo za shimo zilikuwa zikiporomoka. Hakuna aliyesogea.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, nanyi mna miji yenu. Je, nani alistahili kushuka kaburini? Na kama hakuna, maiti yule alazwe na nani?