Machozi ya Kombo

Paukwa! Itikieni polepole, wajukuu zangu, maana ngano ya leo ina msiba ndani.

Hapo kale mkulima Kombo alikuwa na binti, Mize, kipenzi cha roho yake. Siku moja zimwi lilimkuta Mize kisimani likamgeuza jiwe. Likawaambia wazazi wake, "Mama alie, baba alie, machozi yao yachanganyike juu yake kabla jua halijazama. Akikosa kulia mmoja wao, atabaki jiwe milele."

Mama alilia palepale, na jiwe likaanza kupata joto.

Kombo naye alitaka kulia. Lakini utotoni, kila alipolia, baba yake alimchapa akisema, "Mwanamume halii!" Akazoea kumeza kilio. Sasa alijipiga kifua, machozi hayakuja. Alijipaka pilipili machoni, hayakuja. Alilikumbatia jiwe akamwita Mize, Mize, Mize, hayakuja.

"Lia, mume wangu! Mtoto anatuponyoka!"

"Najaribu, Mama Mize. Sijui pa kuanzia."

Jua likazama. Jiwe likapoa.

Siku zikapita. Mwanawe mdogo, Faki, akajikwaa kwenye jiwe lile, kidole kikachanika. Alipomwona baba yake, akauma midomo, akakimeza kilio.

Kombo akapiga magoti. "Lia, mwanangu. Nani kakukataza?"

"Wewe, baba."

Ndipo machozi yalipomtoka Kombo, yakalilowesha jiwe lote. Nalo likabaki jiwe.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye kutaka kulia, wa kike kwa wa kiume, na alie.