Liwali Aliyeitikia Hodi

Liwali wa mji wa mpakani alitangaza kwamba atakayemshawishi mgeni asiye na kibali abaki, hata kwa neno moja, atafungwa. Bi Mwanakheri, mjane, akashtakiwa kwa kumwambia mgeni "karibu."

Siku ya hukumu alifika kwa liwali akiwa na mwanamke mwingine, akabisha hodi.

"Karibuni! Piteni ndani, hapa ni kwenu!" liwali aliitikia kabla ya kuwaona.

Walipoketi, alisema, "Mama, hilo neno lako litakufunga. Una shahidi?"

"Ni huyu, Bwana Liwali. Amevuka mto bila kibali. Leo alikuwa anarudi kwao, lakini kwa ulivyomkaribisha, ameghairi."

Askari mwenye pingu aliuliza kwa adabu, "Bwana Liwali, nianze na nani?"

Sheria ikafutwa papo hapo.