Mtungi Usiopungua

Mlioketi!
— Tumeketi.
Masikio mnayo?
— Tunayo, yajaze.

Hapo kale, kale sana, alikuwapo Bi Nguchiro, mama wa mtoto mmoja tu, Mwanamize. Mlangoni pake aliweka mtungi wa wageni kunawia miguu. Ukipungua alijazia, na kila akijazia alijisifu kwa ukarimu wake.

Siku moja jirani yake Kima akapata homa. Haukupita muda, Mwanamize naye akashikwa: mwili moto, macho yanauma kwa ndani, viungo kama vimetwangwa. Bi Nguchiro akaogopa kumkosa mwanawe.

Kwanza akamlaumu Chura, kwamba matope yake ndiyo yanayofuga mbu. Chura, ambaye mbu ndio chakula chake cha jioni, akarudi kwenye matope yake.

Pili akafunga chandarua kila usiku, na alfajiri akakikunja. Wapi! Shangazi aliyekuja kuuguza naye akaangushwa na homa.

Tatu akakaa mlangoni mchana, jua linawaka. Akaja Mbu, miguu ina mabaka meupe kama amevaa soksi.

"Hodi, mama."

"Mbu gani wewe, unatembea mchana?"

"Usiku nalala, mama. Mimi si wa matope kama ndugu zangu. Napenda maji matulivu, safi, kama haya yako. Wanangu wamezaliwa humu."

Bi Nguchiro akachungulia mtungini. Vijidudu vinajipinda na kujinyoosha, vimestarehe.

"Na homa hii umeileta wewe?"

"Homa si yangu. Niliinywa kwa Kima, nikaiacha kwa Mwanamize. Mimi mchukuzi tu."

Bi Nguchiro akaona haya. Akaenda kwa Chura kuomba radhi.

Chura akacheka kidogo. "Shoga, huyo umemfuga mwenyewe. Usijazie tena. Mwaga, usugue kuta za mtungi, maana mayai yanang'ang'ania hapo, kisha funika. Na mgonjwa alale chandaruani hata mchana, Mbu asipate cha kubeba."

Akafanya hivyo. Kima naye akafanya, hata vifuu vya uani akavipindua. Mwanamize na shangazi wakapumzishwa, wakanyweshwa maji na uji, taratibu wakainuka.

Mbu akarudi, akakuta kifuniko.

"Mama, ukarimu wako umekwenda wapi?"

"Upo, bibi. Siku hizi nauteka kwa kata, mgeni akishafika."

Funzo ni hili: kabla hujamsaka mbu kwa jirani, chungulia maji yako, na mbu anayeuma mchana hazuiwi na chandarua cha usiku.

Ngano yangu naimwaga hapa hapa. Nikiiacha ikatuama, itazaa mbu.
— Imwage!