Kikao cha Harusi Isiyokuwepo

Iko nyumba moja, sitaitaja, maana nikiitaja mtaacha kusikiliza mfano mkaanza kutafuta paa lake. Katika nyumba hiyo aliishi mama mmoja mzee, mjane, pamoja na binti yake wa tatu, aliyeacha kazi mjini akarudi kumtunza. Mama alikuwa mgonjwa. Vipimo vilionyesha saratani ya damu, ile ya polepole, isiyokuja mbio kama moto wa nyika. Hiyo huingia kama mchwa: nyumba imesimama, milango inafunguka na kufungwa, kumbe ndani mbao zinaliwa.

Daktari alieleza vizuri kabisa. Alisema ugonjwa umefika mahali pa kuamua. Vipo vidonge. Havitauondoa, lakini vinaweza kuuzuia, na mama akapata miaka zaidi. Vinaweza pia kumchosha, kumkatia hamu ya kula, na kumrudisha kliniki kupimwa kila mara. Au waache vidonge, wamtunze tu nyumbani: homa ikija watibu homa, damu ikipungua aongezewe.

"Njia zote mbili ni halali," daktari akasema. "Kwa umri wake, wapo wanaochagua hii na wapo wanaochagua ile. Muulizeni yeye anataka nini, kisha mniambie."

Sasa niwaulize, ndugu zangu, maneno hayo yana ugumu gani? Muulizeni yeye. Mtoto wa darasa la pili anayaelewa. Lakini kaka mkubwa, mzaliwa wa kwanza, mwenye gari na mwenye sauti, alimjibu daktari pale pale koridoni, huku mama mwenyewe ameketi kwenye benchi upande wa pili wa mlango, mkoba wake mapajani.

"Daktari, hayo tuachie sisi watoto. Mama ni mtu mzima. Ukimtajia saratani, utakuwa umemuua kabla ya ugonjwa wenyewe."

Basi mama akaambiwa damu yake imepungua kidogo, ale mchicha.

Binti wa tatu alisikia, akauma midomo. Unafiki ulikuwa ukimkera tangu utotoni. Lakini kwao mtu hamkatizi mzaliwa wa kwanza mbele ya mgeni. Tena alikuwa na uamuzi wake tayari, ameshaukata moyoni, akingoja siku ya kuusema.

Siku hiyo ikaja kwa mlango wa ajabu. Ilibidi ukoo ukutane. Na utawakusanyaje watu nyumbani kwa mgonjwa bila mgonjwa kuuliza kuna nini? Kaka mkubwa akapata wazo. Akasema, "Tutamwambia mama ni kikao cha harusi."

Harusi ya nani? Ya mjukuu mmoja, mwalimu wa sekondari, asiye na mchumba wala dalili ya mchumba. Yeye alipigiwa simu tu.

"Bibi akikuuliza, umeposwa."

"Na nani?"

"Hilo tutalijua baadaye."

Mnacheka. Chekeni, lakini ndivyo tulivyo. Sisi kusema kweli kunatuwia vigumu, ila kubuni mahari na bwana harusi tunaweza kabla chai haijapoa.

Sasa, bibi akisikia mjukuu ameposwa, hufanya nini? Mnaijua desturi yetu: kikao cha harusi hakikai na njaa. Mama akajifunga kitenge, akaingia jikoni. Mwanamke ambaye watu walikuwa njiani kuja kujadili kama mwili wake una nguvu ya kuhimili kidonge, alisimama mbele ya sufuria la pilau ya ukoo mzima, akiigeuza.

Binti wa tatu alijaribu kumnyang'anya mwiko. "Mama, kaa chini. Nitageuza mimi."

"Utaikoroga iwe uji. Sogea."

Wakaketi sebuleni, wakaanza kula. Mjomba, mdogo wake mama, akawa mwenyekiti. Mama akawa anaingia na kutoka na vyombo, na kila alipoingia, mazungumzo yaligeuka kama gari lililoona trafiki.

"Mimi nasema tumpeleke nje," kaka mkubwa alikuwa akisema. "Kule India wana..." Mlango ukafunguka, mama akaingia na bakuli la kachumbari. "Wana vitambaa vizuri sana kwa bibi harusi."

Mama akaweka bakuli mezani. "Vitambaa vya India vinachuja," akasema, akatoka.

"Tuendelee," mjomba akasema, hawezi hata kumtazama mtu usoni.

Dada mkubwa naye akatoa kwenye kapu lake chupa ya unga wa majani. "Vidonge vya nini? Mtumishi wa kanisani kwetu ameniambia, anayekimbilia vidonge amepungukiwa imani. Mama anywe hii, tufunge na kuomba."

"Huyo mtumishi mbona anavaa miwani?" binti wa tatu akauliza.

"Miwani ni kitu kingine."

"Imani yake haifiki machoni?"

"Wanangu, wanangu," mjomba akasema.

Hapo ndipo binti wa tatu alipoona inatosha. Alichoka. Alichoka na India, alichoka na chupa, alichoka na mjukuu aliyekaa kwenye kona akipokea pongezi za posa ya hewa. Akasimama.

"Hakuna hata mmoja hapa anayemzungumzia mama. Wewe kaka unataka watu wa mjini waseme ulimpeleka India. Wewe dada unataka ushuhuda wa kutoa kanisani. Mama amechoka. Amezika mume, amezika watoto, amelima mpaka mgongo umepinda. Mnataka kummezesha vidonge atapike uzee wake wote ili ninyi mjisikie mmefanya kitu? Mwacheni. Anataka kukaa kwake kwa amani, na kuku wake, mpaka siku yake. Hilo tu."

Yalikuwa maneno mazuri. Mjomba alijifuta macho kwa ncha ya tai. Nanyi hapa, nawaona, mnatikisa vichwa, mnasema moyoni: angalau katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja mwenye akili.

"Basi tuamue," mjomba akasema. "Wanaokubali asipewe hizo dawa, wanyoshe mikono."

Mikono ikapanda, mmoja mmoja. Dada mkubwa akaweka chupa chini, akanyosha. Mwisho hata kaka mkubwa, taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani, naye akanyosha.

Mama alikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa.

"Mikono hiyo ni ya nini?"

"Ya harusi, dada," mjomba akasema.

"Harusi haipigiwi kura." Mama akaliweka jagi chini, akavuta kiti, akaketi katikati yao. "Ninyi mkinipeleka pale hospitali, mnadhani naingia nimefumba macho? Mlangoni pameandikwa saratani, na kusoma najua. Pale kwenye benchi sisi wagonjwa tunaambiana: mwenzangu titi, mimi damu. Nimewanyamazia kwa sababu niliona mnaogopa. Nikasema, wakikua wataniambia."

Kaka mkubwa aliutazama mkono wake kama si wake, akaushusha.

Binti wa tatu moyo ukamruka kwa furaha. Kweli imetoka, unafiki umekwisha! Akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono. "Mama, mimi nilikuwa nawaambia hivyo hivyo. Nimewaambia umechoka, wakuache upumzike."

Mama akamtazama.

"Nani alikuambia nimechoka?"

Binti akafungua mdomo. Akatafuta. Akarudi nyuma siku zote alizokaa na mama yake, akitafuta jioni moja tu, asubuhi moja tu, ambapo mama alisema neno hilo. Hakuipata.

"Wewe tunaishi pamoja," mama akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Unaniuliza nimelalaje. Unaniuliza chai ina sukari ya kutosha. Umewahi kuniuliza kama bado nataka kuishi?"

Binti akaiachia mikono ya mama yake.

"Nataka. Nataka hizo dawa, hapa hapa kwetu, si India. Nitazijaribu. Zikinishinda nitasema basi, na nikisema basi, asije mtu kunibembeleza. Lakini atakayesema basi ni mimi." Akawazungushia macho wote. "Mmekula pilau yangu huku mnaninyoshea mikono ya kunizika. Naweni basi, maji yapo."

Ndugu zangu, kaka mkubwa tumemwona, tumemcheka. Dada mkubwa na chupa yake tumemwona. Hao si kazi kuwajua. Mimi nimekuja kwa ajili ya binti wa tatu, kwa sababu ndiye aliyejaa katika viti hivi. Sisi ndio binti wa tatu. Sisi tunaochukia unafiki wa wengine. Sisi tunaoosha, tunaopika, tunaoamka usiku, halafu tukadhani mikono iliyomwosha mtu imepata haki ya kumsemea. Alisema maneno mazuri mno, na kwa maneno hayo mazuri alikuwa karibu kumnyima mama yake miaka ambayo mama aliitaka.

Na msiniambie, "Mchungaji, wengine akili zimeshawatoka, hawawezi kuamua." Najua wapo, na hao wanahitaji hekima ya pekee, tutaizungumza siku nyingine. Lakini je, huyo unayemsingizia usahaulifu, si ndiye aliyekukumbusha leo asubuhi kubeba mwavuli? Tunaita heshima. Tunasema, "Tusimsumbue mzee." Semeni kweli mbele za Mungu: anayeogopa kusumbuliwa ni mzee, au ni sisi? Tunaogopa atasema anataka kuishi, na hatujui tutamsaidiaje. Tunaogopa atasema basi, na hatujui tutamwachiliaje. Basi tunamtuma jikoni, tunapiga kura.

Leo sitafunga kwa sala kwanza. Kwaya, kaeni. Mwenye mzazi pembeni yake, au shangazi, au babu uliyemshika mkono kuingia humu, mgeukie. Kama anaumwa, na unajua anaumwa, na anajua kwamba unajua, muulize anataka nini. Ukishauliza, funga mdomo. Usimsaidie kujibu.

Tutawangoja.