Mgeni Asiyekuja Makaburini

Wapendwa, kulikuwa na kijiji kimoja, na jina lake msiniulize, maana mkilijua mtaanza kutazamana. Kijiji hicho kilisifika kwa kuzika. Msiba ukitokea, rimu la gari lililotundikwa kwenye nguzo liligongwa, na kabla chai haijapoa kila nyumba ilikuwa imetoa mwanamume mmoja na jembe lake. Msimamizi wa wachimba kaburi alikuwa mwashi mmoja, mtu wa sauti kubwa na moyo mzuri, ila akishakuweka kwenye orodha yake ya watu wabaya, kutoka humo ni kazi.

Kwenye orodha hiyo alikuwamo mgeni. Huyu alikimbia vita kwao, akavuka mpaka na mkewe na mama yake mzazi, akapewa kipande cha ardhi kando ya njia ya makaburini. Miaka mitatu, misiba kumi na mmoja, hakuja hata mmoja! Na kilichomuudhi mwashi zaidi ni kwamba siku za maziko mgeni alivaa shati safi, akakaa mlangoni kwake, akawatazama wakipita na jeneza.

"Anatutazama kama anaangalia mpira," mwashi alisema. "Siku yake itafika. Tutaona nani atamchimbia."

Mnacheka? Ninyi hamjawahi kusema hivyo? Haya.

Siku ikafika. Mama wa mgeni akafariki alfajiri, habari zikasambaa, na rimu halikugongwa. Kila mwanamume akajifanya ana palizi ya haraka. Mwashi naye alikwenda kupanga matofali yake, akapanga, akapangua, akapanga tena. Alijua udongo wa pale makaburini una changarawe, wanaume wanane hupokezana toka asubuhi mpaka saa sita. Mtu mmoja atamaliza lini? Na kwa jua lile, maiti itamsubiri? Saa nne uvumilivu ukamwishia. Akajiambia anakwenda tu kuhakikisha yule mtu hachimbi juu ya kaburi la mwingine.

Akamkuta shimoni, shimo lenyewe linamfika magotini, viganja vinavuja damu. Mkewe alikuwa anazoa udongo kwa beseni. Mwashi alikuwa amekuja na maneno makali, lakini yaliyomtoka yakawa mengine.

"Mbona hukuja kwetu kuomba msaada?"

"Ningeombaje, kaka? Misiba yenu yote sijaitwa hata mmoja. Nikajua bado hamjanikubali."

"Kuitwa? Nani anaitwa msibani? Rimu likigongwa mtu anakuja!"

Mgeni akaegemea mpini wa jembe. "Kwetu, mtu wa kuja haendi kwenye kaburi la wenyeji mpaka watume mtu mlangoni kwake. Ukienda bila kuitwa, wanasema umekuja kufurahia. Kila mlipofiwa nilivaa shati, nikaweka jembe karibu, nikakaa kusubiri. Mke wangu hakuwasha moto mpaka mmalize kuzika. Na mama alikuwa ananiambia, kaa hapohapo mwanangu, leo watakuita."

Mwashi akahesabu moyoni. Mara zote kumi na moja aliupita mlango ule kwa miguu yake mwenyewe. Machozi yakamtoka, mtu mzima, mbele ya mke wa mwenzake. Akavua shati, akashuka shimoni.

"Toka, kaka. Mfiwa hachimbi. Nenda ukakae na mama. Na wewe shemeji, kimbia ukagonge lile rimu. Ligonge kwa nguvu!"

Wakaja, wapendwa. Walikuja makundi kwa makundi, pamoja na wale wa palizi ya haraka, na wengine walikuwa wanaona aibu kumtazama mwenye msiba. Wanawake wakabeba kuni na unga. Saa tisa mama yule akazikwa na kijiji kizima, na mwanawe hakushika jembe tena siku hiyo.

Sasa tuje kwetu sisi. Tunapenda kusema mlango wa kanisa hili uko wazi, mwenye kutaka aingie. Tunasema yule jirani aliyehamia hapa ana maringo, hasalimii, hajichanganyi. Nani kati yetu ameshabisha hodi kwake? Sisi tunangoja aje, yeye anangoja aitwe, na miaka inakwenda. Lazima kwanza afiwe ndipo tujuane?

Mimi moyo wangu uko kwa yule mama. Miaka mitatu aliamini kwamba sisi ni watu wazuri, kwamba leo tutamwita mwanawe. Wala hakukosea. Tulikuwa watu wazuri kweli, tatizo tulichelewa, na yeye hakutuona.

Kuna watu wamekaa benchi la nyuma pale. Msigeuke wote kwa pamoja, mtawatisha! Ila ibada ikiisha, leo msipange mstari kunipa mkono mimi. Mimi mnanijua. Nendeni kwao.