Mabati Thelathini ya Zahanati

Hapo zamani, wala si zamani sana maana bati lilikwisha panda milimani, watu wa kijiji kimoja cha Upareni walianza kujenga zahanati. Mwaka ule wajawazito wawili walikuwa wamefia njiani, wakiteremshwa hospitali kwa machela. Kwa hiyo msicheke.

Mwenyekiti Senkondo alinunua saruji yote kwa mkupuo, lori moja. Naanjela akapewa ufunguo wa stoo. Fundi Mrutu akaja na vibarua wake, akakuta saruji ipo, jiwe la msingi hakuna hata moja. Akasubiri wiki, akasubiri ya pili, akashuka zake tambarare kwenye kazi nyingine. Masika yakaingia. Mawe yalipotimia na fundi aliporudi, saruji ilikuwa imeganda stoo nzima. Fedha ya paa ikanunua saruji nyingine. Kuta zikasimama, paa hakuna.

Mkutano ukaamua: mwenye kosa ang'olewe mabati thelathini ya nyumba yake, yaezeke zahanati.

"Kwangu hamng'oi kitu," alisema Senkondo. "Ningeleta mifuko kidogo kidogo, mngesema nakula nauli. Nimewapunguzia gharama, leo mnanivua paa?"

"Na kwangu hamng'oi," alisema Mrutu. "Vibarua wangu wanakula kila siku, jiwe liwepo lisiwepo. Niliaga, nikasema mawe yakianza kuja niiteni. Mliniita lini? Masika yamekwisha."

"Kwangu ndiyo kabisa," alisema Naanjela. "Majirani walikuja kuazima mifuko, warudishe mipya. Nikawakatalia. Mliniambia usitoke mfuko bila saini ya fundi, haukutoka. Unyevu niliuona. Nani alinipa ruhusa ya kuufanyia kitu?"

Hapo akasimama Nampwani, mimba yake ya miezi minane.

"Mawe yalikuwa ya kusombwa kwa msaragambo, kazi yetu sote," alisema. "Kila Jumanne, kila nyumba mtu mmoja. Mlikuja Jumanne ngapi? Hata mimi nilikosa mbili."

Watu wakaangalia chini.

"Hapana, mama," alisema Mrutu. "Ukisema ni wote, umesema hakuna mtu."

Naanjela hakungoja zaidi. Alikwenda kwake, hapo jirani, akaegesha ngazi, akapanda na nyundo mbele ya macho ya mkutano mzima. Aling'oa bati moja, akalitupa chini.

"Hili ndilo langu," alisema kutoka juu. "La pili simpi mtu, hata mkinihamisha kijiji."

Nampwani akaliokota bati, akajitwika, akaenda kuliegemeza kwenye ukuta wa zahanati. Kisha akawageukia.

"Mimi najifungua mwezi ujao," alisema. "Bado ishirini na tisa."

Nami nawauliza ninyi mnaonisikiliza, na msiangalie chini kama wao: je, hayo ishirini na tisa yang'olewe nyumba ya nani?